Anayehesabu Gizani

Umeme ukikatika nyumbani kwa baba mdogo, Bariadi, hakuna anayeguna. Watoto wananyamaza, mama mdogo anashika mwiko bila kusonga, na baba mdogo anaanza kuhesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne. Taa zikirudi anasema, "Hiyo ya kwanza." Zikizimika tena anaanza upya. Zikirudi na kuzimika mara ya tatu anainuka, anapapasa ukuta mpaka kwenye rafu, anasema, "Basi, imejifunga. Leteni taa ya sola."

Wajukuu wanadhani ni mchezo na wanahesabu naye. Mimi kwa zaidi ya miaka kumi nilidhani ni tabia tu ya fundi wa zamani ambaye mwili umeacha kazi na kichwa kimekataa.

Desemba iliyopita nilitoka Mwanza kwenda kuwasalimia. Basi likapita Magu, likafika Lamadi, likaiacha barabara ya Musoma na kukata kulia. Mvua zilikuwa zimeanza, pamba changa ikionekana pande zote mbili za barabara. Kwenye simu nilikuwa na video niliyotumiwa na rafiki yangu mmoja mhandisi wa umeme. Ni video maarufu, imezunguka mitandaoni miaka mingi: swichi ya kilovoti 500 huko Nevada, Marekani, inafunguliwa, na badala ya kukatika, umeme unafuata vyuma vinavyoachana. Moto mweupe unapinda, unapanda angani kama nyoka anayetafuta tawi, unanguruma, halafu unatoweka ghafla.

Baada ya chakula nikampa baba mdogo simu. Nilitaka kumfurahisha. Aliitazama kwa sekunde chache, akaigeuza kioo chini, akaiweka mezani kwa mkono wake wa kushoto. Mkono wa kulia haukunji vidole vizuri tangu mwaka 2013.

"Kwa nini lilizimika?" akaniuliza.

"Si walikata umeme, baba."

"Walikataje? Kuachanisha vyuma ndiko kulikowasha. Umeona mwenyewe."

Sikuwa na jibu. Mimi ni mwandishi wa habari. Nimeandika habari za kukatika kwa umeme kuliko ninavyoweza kuzihesabu, na sijawahi kujiuliza umeme unakatwaje.

*

Kwa Kiswahili cha mtaani kitu kile tunakiita cheche, au shoti. Cheche inaruka na kufa. Hiki kinakaa. Mimi hapa nitakiita tao, kwa sababu kinapinda kama tao la mlango wa msikiti.

Tunaotumia umeme wa ukutani tumezoea kuamini kwamba kukata ni kutenganisha. Unabonyeza swichi, vyuma vinaachana, taa inazima. Lakini kwenye laini ya kilovoti 33, zile nyaya zinazopita juu ya mashamba ya Itilima na Maswa, vyuma vikianza kuachana hubaki vimegusana kwenye ncha ndogo sana, na mkondo wote unajibana hapo. Ncha inayeyuka, inachemka, inakuwa mvuke. Hewa ya katikati inapata joto mpaka chembe zake zinavunjika, na hewa iliyovunjika hivyo inapitisha umeme kama waya. Joto la ndani ya tao linaweza kufika nyuzi 20,000 za Selsiasi. Uso wa jua una nyuzi kama 5,500. Kwa hiyo vyuma vimeachana kabisa, unaona nafasi kwa macho yako, na umeme bado unapita.

"Chukua lori limejaa marobota," baba mdogo akasema. "Linashuka kilima. Unaweza kulisimamisha kwa kuiondoa barabara?"

"Hapana."

"Litaruka. Sasa unafanyaje?"

"Breki."

"Breki ya nini, tani zote hizo? Unasubiri lisimame lenyewe. Likisimama tu, unaweka jiwe mbele ya tairi."

Nilidhani ananitania. Kumbe ndiyo siri yenyewe, na rafiki yangu mhandisi aliithibitisha kwa simu kesho yake. Umeme wa gridi yetu hauendi upande mmoja kama maji ya mto. Unakwenda na kurudi, mara 50 kila sekunde, na katika kila mzunguko wa kwenda na kurudi unapita kwenye sifuri mara mbili. Maana yake, mara 100 kwa sekunde kuna kitambo ambacho mkondo haupo. Katika kitambo hicho tao linakosa chakula, na linakufa bila kuguswa na mtu.

Shida ni kwamba linafufuka. Njia lililopita bado ina moto, na volti inarudi kati ya vile vyuma kwa kasi kubwa, mara nyingi ikipanda juu kuliko kimo chake cha kawaida. Ikikuta nafasi ile bado inapitisha, inaingia, na tao linawaka tena kana kwamba halikuwahi kuzima. Hapo ndipo ilipo kazi ya breka, ile swichi kubwa inayolinda laini na transfoma. Breka inatenganisha vyuma, inaliacha tao liwake kwa muda mfupi, na sifuri ikifika inapoza na kusafisha nafasi ile haraka kuliko volti inavyoweza kurudi. Mbio hizo zinapimwa kwa sehemu za milioni moja ya sekunde. Breka ikishinda, giza. Ikishindwa, inasubiri sifuri inayofuata, sehemu ya mia moja ya sekunde mbele, na kujaribu tena.

Wahandisi wamezikimbia mbio hizo kwa njia nyingi. Breka za zamani zilizamisha vyuma ndani ya mafuta. Tao linapowaka linachemsha mafuta na kutoa povu la gesi, sehemu kubwa yake haidrojeni, na haidrojeni inapoza vizuri sana. Wengine walitumia hewa iliyoshindiliwa, wakaipuliza kwenye tao kama mtu anayezima kibatari, ila kwa mlio wa bunduki. Kwenye laini za kilovoti 11 na 33, breka nyingi za sasa zina chupa isiyo na hewa ndani. Humo tao halina kitu cha kula isipokuwa mvuke wa chuma chenyewe, na sifuri ikifika mvuke huo unaganda kwenye kuta za chupa mara moja. Kwenye laini kubwa za kilovoti 220 na 400 kinachotumika zaidi ni gesi ya salfa heksafloridi, nzito kuliko hewa mara tano hivi, ambayo inanasa elektroni zinazozurura na kuziondolea umeme njia. Ndani ya breka hiyo kuna pistoni, na vyuma vinapoachana inapuliza gesi katikati ya tao. Nguvu ya kufanya yote hayo inatoka kwenye springi iliyokazwa na mota ndogo muda wote, ikisubiri amri. Tangu amri itoke mpaka tao life ni mizunguko miwili au mitatu, yaani sehemu 4 hadi 6 za mia za sekunde. Hujamaliza kupepesa jicho.

Gesi hiyo ina lawama yake. Ikivuja, kilo yake moja inatega joto la dunia kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa kwa zaidi ya mara 23,000, na ndiyo maana mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mpya za kuiondoa hatua kwa hatua. Katika mkoa kama Simiyu, ambako mkulima wa pamba anaangalia mawingu kuliko anavyoangalia saa, hilo si jambo la Ulaya peke yake.

"Na ukiwa na umeme usio na sifuri?" nilimuuliza rafiki yangu. Akacheka. Alisema hiyo ndiyo jinamizi ya mafundi. Laini ya kilovoti 500 inayotoka Wolaita Sodo, Ethiopia, mpaka Suswa, Kenya, zaidi ya kilomita 1,000, inapitisha umeme wa upande mmoja, usiogeuka. Huko huwezi kukaa na kungoja mkondo ujifie. Inabidi mitambo ya kubadilisha umeme kwenye ncha za laini iuzuie. Sisi tunaotumia umeme wa kwenda na kurudi tumepewa mlango unaofunguka mara 100 kwa sekunde.

*

Turudi kwenye kuhesabu.

Makosa mengi kwenye laini ni ya kupita. Radi imepiga, tawi limegusa, kunguru ametua vibaya. Tao linawaka kati ya waya na nguzo, breka inafungua, tao linakufa, hewa inapoa. Hakuna kilichoharibika. Kwa hiyo breka za laini nyingi zimefundishwa kujaribu: zinafungua, zinasubiri kidogo, zinarudisha umeme. Kosa likiwa bado lipo zinafungua tena. Baada ya majaribio yaliyopangwa zinajifunga, na hapo mpaka mtu aende. Ule umeme wa kukatika na kurudi, kukatika na kurudi, unaotufanya tuchomoe friji huku tukitukana, mara nyingi ni breka inayouliza: kosa bado lipo?

Kwa miaka mingi mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, ulipata umeme wa gridi kwa laini ndefu za kilovoti 33 kutoka mikoa jirani. Laini ikiwa ndefu, matawi ni mengi na kunguru ni wengi. Ndiyo sababu mradi wa kujenga kituo cha kupoza umeme Imalilo, na laini ya kilovoti 220 kutoka Shinyanga, ulizungumzwa sana vijiweni Bariadi.

Hata giza la nchi nzima mara nyingi ni breka zikifanya kazi yake. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili alianguka juu ya transfoma kwenye kituo cha Gitaru, Kenya. Transfoma ikajitoa. Mitambo mingine ikabebeshwa mzigo uliozidi, nayo ikajitoa, megawati zaidi ya 180 zikapotea, na Kenya ikaingia gizani. Watu walicheka sana kuhusu tumbili yule, ambaye alitoka mzima. Wachache walijiuliza kuhusu transfoma. Kwetu, gridi ya taifa ilipoanguka usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2024, nilikuwa miongoni mwa waliosambaza vichekesho.

Tunapoona giza tunadhani kitu kimekufa. Baba mdogo akiona giza anadhani kuna kitu kimeokolewa, na ana sababu yake.

*

Julai 2013 nilikuwa nyumbani kwa likizo fupi. Nilikuwa na mwaka mmoja kazini, bado naandika jina langu kwenye daftari kuona litakavyoonekana gazetini. Ilikuwa msimu, malori ya pamba yakipanga foleni usiku na mchana. Baba mdogo alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Tulikuwa tunakula ugali na furu, saa nne kasoro usiku, taa zikazimika. Nakumbuka nilisema, "Hawa jamaa bwana!" Zikarudi baada ya muda kidogo. Tukaendelea kula. Nusu saa baadaye mtu akagonga mlango.

Baba mdogo alikuwa ameungua mikono, shingo na nusu ya uso. Alipelekwa hospitali, kisha Bugando. Asubuhi, majirani walikuwa na maelezo yao: radi ya kutumwa, kwani amewazidi nini watu? Kiwandani kulikuwa na maelezo mengine: fundi hakufuata utaratibu, alifungua isoleta wakati laini ina mzigo. Isoleta ni swichi ya wazi, haina mafuta wala gesi wala chupa. Kazi yake ni kuonyesha kwa macho kwamba laini imetengwa, baada ya breka kukata. Ukiifungua yenye mzigo, unapata kile cha Nevada.

Mimi, kati ya radi ya kutumwa na uzembe wa fundi, nilichagua la pili, na nilijiona msomi kwa kulichagua. Nikiwa kwenye benchi la hospitali nilituma habari fupi. Sikutaja jina lake, nikadhani hiyo inatosha kuwa heshima. Sentensi ya mwisho ilisema: "Chanzo cha ajali hiyo kinaelezwa kuwa ni fundi huyo kutozingatia taratibu za usalama." Kinaelezwa. Na nani? Neno hilo linatuokoa sana sisi waandishi. Halina mdomo wala sahihi.

Jioni ile ya Desemba, simu ikiwa bado imelala kifudifudi mezani, ndipo kwa mara ya kwanza nilimuuliza.

"Baba, ulifungua isoleta kabla ya breka?"

Alinitazama kwa muda. "Mwanangu, mimi nilikuwa na miaka 19 kwenye kazi ile."

Akaeleza taratibu, kama anayesoma kitabu. Mashine za kuchambua zilikuwa zimesimamishwa kwa ajili ya kubadili zamu. Kwenye laini ilibaki transfoma na mzigo mdogo wa taa na pampu, upande wa ofisi, ambao yeye nyuma ya ghala hakuweza kuuona. Breka ilikuwa ya mafuta, ya zamani. Kila tao linalozimwa ndani ya mafuta linaacha masizi, na mafuta yale yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Vyuma vyake vilikuwa vimelika. Mtambo wake wa kufungulia ulikuwa mzito. Aliyaandika hayo kwenye kitabu cha zamu mara tatu, na mara tatu akajibiwa kwamba msimu ukiisha watafungua. Usiku ule alifungua breka. Mshale ukaenda kwenye alama ya kuzimwa. Lakini mshale unafungwa kwenye mtambo wa nje, haufungwi kwenye vyuma vya ndani. Fimbo inayovivuta ilikuwa imekatika. Nje breka ilisema imezima, ndani vyuma vilikuwa vimeshikana.

"Na kipimo?" nikauliza.

"Kipimo kinakuja baada ya isoleta. Ndiyo utaratibu. Huo waliosema sikuufuata."

Alivuta mpini. Upepo ulikuwa unavuma, tao la waya mmoja likalala likagusa waya wa pili. Hapo ikawa shoti kamili. Alisema hakusikia mlio, aliona tu weupe. Kilichomwokoa hakikuwa pale kiwandani. Mbali huko juu ya laini, breka ambayo hatujawahi kuiona iliujua mkondo ule kuwa si wa kawaida, ikasubiri sifuri, ikakata. Bila hiyo, alisema, tusingeongea leo. Mji wote ukazima. Ndiyo giza nililolilalamikia nikiwa na tonge mkononi.

"Lakini breka ile haikujua kama ni kunguru au ni mimi," akasema. "Nilijua itarudi. Niko chini, sioni, nikaanza kuhesabu huku najiburuta. Nilifika tano. Hewa ilikuwa imepoa, ilirudi ikakaa."

Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua michembe. Hakuinua kichwa. Alisema, "Mwambie na lile gazeti."

"Achana na hilo."

"Mwambie."

Kwenye kikao cha fidia, gazeti lenye habari yangu lilikuwa juu ya meza. Mmoja wao alilisoma kwa sauti, ile sentensi ya mwisho. Kitabu cha zamu hakikuonekana siku hiyo wala baadaye. Baba mdogo alitambua mwandishi ni nani, kwa sababu jina langu, lile nililokuwa najaribu kuliandika kwenye daftari, lilikuwa pale juu. Alichukua walichompa. Hakuniambia kwa miaka yote hiyo. Alinichangia hata harusi.

Nilitaka kusema samahani na neno halikutoka vizuri. Akanipunguzia aibu kwa kuuliza kama bado nina video zingine.

*

Maandishi haya niliyaanza usiku uleule. Siku mbili baadaye nikamsomea nakala ya kwanza, barazani, mvua ikinyesha. Alisikiliza hadi mwisho, akanisahihisha mahali pawili. Pa kwanza nilikuwa nimeandika kwamba chupa ya mafuta ilipasuka, haikupasuka. Pa pili nilikuwa nimeandika kwamba breka inalizima tao.

"Futa hapo," akasema. "Tao linakufa lenyewe. Breka inalizuia tu lisifufuke. Ukiandika inalizima, kijana atasoma atadhani ni suala la nguvu."

Nikafuta. Kisha nikamuuliza kama ninaweza kuandika na hii nyingine, akasema andika. Kwa hiyo: mwezi Julai 2013 niliandika kwamba fundi aliyeungua kwenye kiwanda cha pamba Bariadi hakuzingatia taratibu za usalama. Sikuwa nimemuuliza. Alizingatia. Alifungua breka kwanza, akatazama mshale, mshale ukamdanganya, na alikuwa ameshaandika mara tatu kwamba siku moja utadanganya.

Umeme ulikatika wakati namsomea sentensi hiyo. Baba mdogo aliinua mkono, mimi nikanyamaza, na watoto ndani wakaanza kuhesabu.